Probu ya pH inaliwa na tope, usikimbilie kununua nyingine

Mi ni fundi wa vifaa vya kupimia, nakaa Dodoma mjini ila kazi zangu nyingi ziko kwenye plenti za kuchenjua marudio ya dhahabu (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kukamuliwa dhahabu mara ya kwanza) upande wa Singida. Kitu ambacho kimewalia wateja wangu hela kuliko hata pampu ni kile kikioo cha mbele ya probu ya pH, yaani kile kijiti kinachotumbukizwa kwenye tope kupima kama limekaa kiasidi (chini ya 7) au kialkali (juu ya 7). Marudio yenyewe ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa, lile tope likikukaukia mkononi linakwaruza kama msasa, sasa kioo chembamba kama ganda la yai kinasuguliwa na hilo usiku na mchana, kitapona vipi?

Kuna siku saa kumi alfajiri opareta akanipigia.

"Shikamoo fundi, samahani kukuamsha, chokaa inaenda tu ila pH imeganda kwenye 7."

"Marahaba. Kipima gesi kinasemaje?"

"Kimya."

"Haya, zima pampu ya chokaa, nakuja."

Nimefika nachomoa probu, kioo hakipo kabisa, kimebaki kishina. Na hapa ndo wengi wanapopigwa. Kioo kikipasuka probu haizimi, inatoa karibu milivolti 0, na milivolti 0 kwenye mita ni pH 7, kwa hiyo mtambo unadhani pH ya tope imeshuka, unazidi kumwaga chokaa, ambayo ndo inaipandisha. Karatasi ya pH ilionyesha zaidi ya 12 wakati sisi tunataka 10.5 mpaka 11, chokaa imeenda bure usiku mzima na bomba lake limeziba. Tangu siku hiyo 7 iliyotulia tuli siiamini. Ila kwenye tenki la sayanaidi, ile sumu inayoyeyusha dhahabu, usijiambie "aah probu hiyo" ukaenda kuchungulia, maana pH ikishuka kweli inatoka gesi ya kuua, kipima gesi kwanza.

Sasa kabla hujaagiza probu ya bei mbaya angalia imekaa wapi. Ile ilikuwa imening'inizwa palepale bomba linapomwagia tope, yaani kioo kinapigwa usoni. Niliihamisha nyuma ya bafo (bati la ndani ya tenki linalokata mkondo), mbali na panga za ajiteta (mashine ya kukoroga tope) na mbali na hewa inayopulizwa, afu nikaivalisha bomba la PVC la inchi 2 nililonunua duka la vifaa vya ujenzi, nimelikata matundu marefu upande ambao mkondo haupigi. Chini acha wazi bana, mara ya kwanza niliziba chini mchanga ukajaa mle ndani ukashindilia, tukawa tunapima mchanga wa juzi. Kama probu iko kwenye bomba, chepusha kamkondo kadogo ka polepole uiweke huko, na ilale kwa kupanda kidogo, kama digrii 15, kioo kikiwa upande wa chini ili kapovu ka hewa ka ndani kasikae kwenye kioo. Ukishafanya hayo ndo ununue ya kioo bapa, inavumilia kuliko ya duara, na iwe ya jankshoni mbili, yaani yenye kizuizi cha pili kati ya tope na waya wa ndani, kwa sababu sayanaidi inakula madini ya fedha (silva) yaliyomo ndani ya ile ya kawaida.

Kusafisha nako kunaua probu nyingi, nimemkuta mtu anasugua na brashi ya waya! Maji na kitambaa laini vinatosha. Ganda la chokaa linatoka kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5 dakika chache tu, ila suuza kwanza mpaka uhakikishe hakuna tone la tope lenye sayanaidi, na kazi hiyo ifanyie nje, mbali na matenki, maana asidi ikikutana na sayanaidi ni ileile gesi. Isipotumika iloweke kwenye KCl ya mola 3 (maji ya chumvi ya potasiamu kloridi), ukikosa hata bafa ya 4 (maji maalumu ambayo pH yake inajulikana) kwa muda, sio maji ya betri yasiyo na chumvi, na huku kwetu kwa upepo huu wa Dodoma ukiiacha mezani bila kofia kesho imekauka.

Kalibresheni, yaani kuhakiki probu inasoma sawa, tunafanya kila wiki kwa bafa ya 7 na 10. Probu nzima kwenye nyuzi 25 inatofautisha karibu milivolti 177 kati ya hizo mbili, ikifika 150 naanza kumsumbua bosi atoe hela. Andikeni namba hizo kwenye daftari, ile iliyohamishiwa nyuma ya bafo iko mwezi wa saba na juzi imesoma 168.