Joho ni la Meya, Saini ni ya Nani?

Tangu nigusie suala la meya kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, maswali yamemiminika. Mengine ni lile lile limevaa kanga tofauti, kwa hiyo nalijibu mara moja tu.

Tukimchagua meya wenyewe, ufisadi si utakwisha?

Hapana.

Kuna ubaya gani madiwani wakiendelea kumchagua? Wao si wawakilishi wetu?

Ni wawakilishi wenu, ila siku hiyo wanakuwa wachache mno. Baraza likiwa na madiwani 30, kura 16 zinatosha, na watu 16 wanaenea kwenye basi dogo moja. Wanalazwa hotelini, wanarudishwa asubuhi kupiga kura, na wewe mpiga kura unasikia jina la meya redioni.

Tena hao hao waliompandisha ndio wanaomshusha. Johannesburg, ambako meya huchaguliwa na baraza, kiti kilibadilisha mkaliaji mara tano kati ya Novemba 2021 na Agosti 2024. Bwana Dada Morero alikikalia siku 25 mwaka 2022, mahakama ikamrudisha meya aliyemtangulia, Mpho Phalatse, miezi michache baadaye naye akang'olewa. Baada ya ule wa Novemba 2021, hapakuwa na uchaguzi mkuu wa baraza hata mmoja katika kipindi chote hicho. Miungano ilivunjwa na kuungwa upya vikaoni, mwananchi akitazama.

Meya wa kura za wananchi si atakuwa na nguvu kuliko mkurugenzi?

Hapa ndipo wengi mnapoteleza. Kura humpa mtu heshima, mamlaka anapewa na sheria. Mwaka 2011 wakazi wa Kampala walimchagua Erias Lukwago kuwa Meya Mkuu. Lakini sheria ya 2010 ilikuwa imekwisha kuweka fedha na watumishi wa jiji mikononi mwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, wakati huo Jennifer Musisi. Kilichofuata ni miaka ya kuvutana. Novemba 2013 madiwani walipiga kura kumwondoa Lukwago, kesi zikarindima mahakamani, na mwaka 2016 wapiga kura wakamrudisha. Kura alikuwa nazo, saini ya malipo hakuwa nayo.

Kwa hiyo mkiletewa rasimu ya sheria, msianze na kifungu cha uchaguzi. Rukeni mpaka mwone nani anaandaa bajeti na nani anamwajiri mkurugenzi. Kama majibu yote mawili si meya, mnaombwa kumchagua mvaa joho na mkufu wa kupokelea wageni.

Meya analipwa kiasi gani?

Swali hili limeletwa tena! Someni kanuni za halmashauri yenu, zipo.

Akishinda halafu akagombana na baraza?

Atagombana, hilo lisiwashangaze. Dawa niipendayo ni ya Italia, iliyoanza kuchagua mameya moja kwa moja kwa sheria ya 1993. Baraza lina uwezo wa kumpigia meya kura ya kutokuwa na imani, lakini akianguka, nalo linavunjwa na uchaguzi unaitishwa upya. Diwani anayejua kwamba akimwaga mboga ugali wake pia umemwagwa hukaa akafikiri. Kwingine diwani anamfukuza meya asubuhi na jioni anapokea posho ya kikao hicho hicho.

Na wananchi je, wanaweza kumwondoa?

Sheria ikiwaruhusu. Duisburg, Ujerumani, walimwondoa Adolf Sauerland kwa kura Februari 2012, baada ya watu 21 kufa kwenye msongamano wa tamasha la Love Parade mwaka 2010. Warszawa, Poland, mambo yalikwenda kinyume. Oktoba 2013 wengi wa waliojitokeza walitaka meya Hanna Gronkiewicz-Waltz aondoke, lakini wafuasi wake walihimizwa wabaki nyumbani, akidi, yaani idadi ya chini ya wapiga kura inayotakiwa, haikutimia, na akabaki ofisini. Kifungu cha akidi kinaweza kuifanya haki ya kumwondoa meya iwe pambo, na hakuna anayekisoma mapema.

Mkikosea mfumo mnaweza kurudi nyuma?

Ndiyo. Bristol, Uingereza, ilikubali meya wa kura za wananchi mwaka 2012, ikamkataa kwa kura ya maoni 2022, na cheo kikafutwa Mei 2024.

Wananchi wakichagua mchekeshaji?

Hartlepool, Uingereza, walimchagua mwaka 2002 kijana Stuart Drummond, aliyekuwa akivaa vazi la kima kuchangamsha mashabiki wa timu ya mpira na akiahidi ndizi za bure kwa watoto wa shule. Ndizi hazikutolewa. Lakini alivua vazi, akafanya kazi, akachaguliwa tena mara mbili. Mimi huwaogopa zaidi wenye suti.

Chama kikinikatalia kugombea, nifanyeje?

Ugombee binafsi, kama sheria inaruhusu. Ken Livingstone alinyimwa tiketi na chama chake cha Labour mwaka 2000, akasimama peke yake na kuwa meya wa kwanza wa London aliyechaguliwa na wananchi. Pasipo na mgombea binafsi, mchujo unabaki kwenye kamati ya chama, na hiyo nayo inaenea kwenye lile basi dogo.