Muulize Mwalimu: RNA isiyounda protini

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kidato cha sita, hapa Kongwa. Tumefundishwa kwamba jeni hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, kisha ribosomu huunda protini. Redioni nimesikia kuna RNA fupi ambazo kazi yake ni kuzuia. Zinazuiaje wakati jeni imeshanakiliwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sisi wa Dodoma, kwa wingi wa ofisi tulizo nazo, hili tunalijua. Jalada halitoki masjala, hutoka nakala. Asiyetaka agizo litekelezwe huiwahi nakala njiani. Jalada ndiyo jeni, nakala ndiyo RNA mjumbe. (Simtaji mtu.)

RNA fupi ulizozisikia huitwa maikroRNA. Kila moja huanza ikiwa ndefu, imejikunja, ndani ya kiini cha seli. Hukatwa humo, hutolewa nje, halafu kimeng'enya kiitwacho Dicer huikata tena hadi zibaki herufi (yaani viungo vya RNA: A, U, G na C) 22 hivi. Kipande hicho hubebwa na protini ya kundi la Argonaute, nacho huiongoza hadi kwenye RNA mjumbe inayooana nacho. Kwa wanyama si lazima herufi zote zioane. Zenye uzito ni ya pili hadi ya nane, ndiyo maana maikroRNA moja hugusa jeni nyingi. Hapo ribosomu huzuiwa, au RNA mjumbe huchakaa mapema. Usiandike kwenye mtihani kwamba jeni "imezimwa". Mara nyingi protini hupungua tu. Mtama wa shambani kwenu nao una maikroRNA, ila kwa mimea kuoana hukaribia kukamilika.

Wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun walipoeleza maikroRNA ya kwanza, lin-4, mwaka 1993, wengi waliona ni mambo ya mnyoo mmoja wa milimita moja. Mwaka 2000 ikatangazwa nyingine, let-7, ikakutwa hadi kwa binadamu, herufi zilezile. Nobel wameipata 2024, na mimi naona walicheleweshwa.

Sasa chukua kalamu. Let-7 ni UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU. Andika wenza wa herufi ya pili hadi ya nane (A huoana na U, G na C), usome kinyumenyume: CUACCUC. Mkia wa RNA mjumbe ya jeni HMGA2 ya binadamu una sehemu kadhaa za namna hiyo. Katika baadhi ya uvimbe kromosomu hukatika na mkia huo hupotea. Let-7 ipo, lakini haina pa kushika, na protini ya HMGA2 huzidi.