Kifaa cha kidoleni chasema 97, mbona baba atweta?

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 61 na alikuwa fundi wa kuunda mashua hapa Lamu hadi mwaka jana, alipoambiwa kuwa moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Kipimo kilionyesha asilimia 35. Siku hizi akitoka nyumbani, Langoni, kwenda forodhani, hulazimika kukaa kwenye baraza za watu mara mbili huku akitweta, na husema miguu imekuwa mizito kama ya kuazima. Tulinunua kile kifaa cha kubana kidole, nacho chaonyesha oksijeni 97 hata anapotweta. Jirani yetu mwenye asilimia 35 hiyo hiyo huenda Shela kwa miguu na kurudi. Je, kifaa ni kibovu? Na je, tumzuie baba asitembee?
Binti yake, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Yaelekea kifaa chenu ni kizima, ila kinajibu swali ambalo hamkuliuliza. Watazame punda wanaopandisha mchanga kutoka gatini kwenda penye ujenzi: kifaa hicho humwangalia punda mmoja mmoja na kusema huyu amejaa, lakini hakihesabu ni punda wangapi wanaomfikia fundi kwa saa. Damu ya baba yako hutoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni, na kinachopungua ni wingi wa damu inayofika kwenye misuli kila dakika.

Mwaka 1870 Adolf Fick, mtaalamu wa Kijerumani, alieleza jambo hili kwa hesabu ambayo bado tunaitumia: oksijeni anayotumia mtu ni wingi wa damu inayosukumwa na moyo, mara kiasi cha oksijeni ambacho mwili unakichukua kutoka katika damu hiyo. Mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika, na kijana mwenye afya akikimbia hufikia lita 15 hadi 20. Moyo uliochoka huweza kutosheleza mtu aliyeketi, lakini akianza kupanda kichochoro hushindwa kuongeza kiasi kinachotakiwa, na damu inayokawia kuondoka hupandisha shinikizo nyuma yake hadi mapafuni, ambako ndiko kutweta kunakotokea.

Uzito wa miguu una sababu yake nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Misuli iliyokaa miezi mingi bila damu ya kutosha wala kazi hudhoofika, hupungukiwa na mitokondria, yaani vile vinu vidogo vinavyotumia oksijeni kutoa nguvu, na hata inapoletewa oksijeni haiwezi kuitumia yote.

Hapo ndipo jirani yenu anapoingia. Asilimia 35 ni sehemu ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo hutoa kwa kila pigo, ambapo kwa mwenye afya ni kama 55 hadi 70. Haielezi hali ya misuli, mapafu wala mishipa, na ndiyo maana ni kipimo hafifu cha kutabiri mtu atatembea umbali gani. Kinachotabiri vizuri zaidi ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni anachoweza kutumia. Mtu aliyeketi hutumia kama mililita 3.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika, na kutembea kwa mwendo wa kawaida mahali tambarare huhitaji kama 10. Kwa mwenye kikomo cha 28, hiyo ni kazi nyepesi. Kwa mwenye kikomo cha 14, ni zaidi ya theluthi mbili ya nguvu zake zote, na bado hajakutana na mwinuko.

Kwa hiyo msimzuie. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, wa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa ambao mioyo yao ilikuwa katika asilimia 35 au chini, ulionyesha kuwa mazoezi yaliyopangwa ni salama na huongeza uwezo, ingawa kwa kiasi kidogo. Daktari wake akiridhika kuwa hali imetulia, aanze baada ya alfajiri, kabla ya jua kali, kwa dakika chache kwenye tambarare ya ufukoni, kwa mwendo unaomruhusu kumaliza sentensi bila kukatiza, na aongeze dakika moja moja kila wiki. Akiumwa kifua, akihisi kizunguzungu, au uzito wake ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu huku miguu ikivimba, asitembee, apelekwe hospitali. Dawa zinazopunguza kasi ya mapigo asiziache kwa kudhani ndizo zinazomchosha, bila kumuuliza aliyeziandika.

Ndoo ya maji ya kupandisha darini mwachieni mjukuu kwa sasa, kwani ngazi na mzigo kwa pamoja hudai oksijeni nyingi kuliko matembezi ya ufukoni.