Keki ya Krimu Kutoka Jikoni Kwangu

SWALI: Kwa muda sasa nimekuwa nikiwaokea majirani biskuti na keki, na baadhi yao wameanza kuagiza kwa malipo. Je, ninaruhusiwa kuuza kutoka jikoni kwangu? Na nikianza kuzipamba keki kwa krimu, masharti yatabadilika?

JIBU: Swali lako la pili ndilo linaloamua la kwanza. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na huko Marekani hata kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo muone afisa afya wa eneo lako kabla hujapokea oda yoyote. Hata hivyo, penye sheria nafuu kwa wanaooka nyumbani, kinachotazamwa zaidi ni unyevu. Biskuti na keki kavu hazina maji ya kutosha kustawisha bakteria, ndiyo maana hukaa nje ya jokofu bila madhara. Kastadi na krimu ya maziwa zina maji na protini tele, nao bakteria huzaana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kwa kawaida kundi la kwanza huruhusiwa, na la pili huzuiwa au hudaiwa kibali kizito zaidi.

Jambo linalowaponza wengi ni lebo. Kiwango cha mwaka 1985 cha Codex, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka viambato viorodheshwe kuanzia chenye uzito mkubwa hadi chenye uzito mdogo. Mwokaji huandika “majarini” akaishia hapo, ilhali akiigeuza pakiti na kusoma yale maandishi madogo huenda akakuta lesithini ya soya (kiambato cha kuchanganya mafuta na maji), pengine na maziwa ya unga. Mteja mwenye mzio hawezi kuyabahatisha hayo. Vilevile, usiandike “haina karanga” ikiwa bakuli hilohilo jana lilikandiwa biskuti za karanga. Kuosha ni lazima, lakini binafsi nisingethubutu kutoa ahadi hiyo kwa kutegemea sabuni.

Kuhusu jiko lenyewe, usioke oda huku ukipika chakula cha familia, na paka asiingie. Ukiharisha au kutapika, usiguse unga mpaka saa 48 zipite tangu dalili zikome, hata kama keki inayosubiriwa ni ya harusi.