Diwani anakulaje wakati hasaini malipo?

Mkuu, umeuliza diwani wenu amejengaje fremu sita stendi kwa posho ya 350,000 kwa mwezi, na kuna jamaa kakujibu kwamba "kachota halmashauri". Diwani hachoti, ndugu yangu. Malipo ya halmashauri yanapita kwa mkurugenzi na watu wake. Simtetei mtu, wa kwetu nimeishi naye kata moja miaka yake yote kumi na njia zake nilizionea dirishani.

Alianzia uenyekiti wa kijiji. 2010 akaanguka kura za maoni, 2015 akapenya, 2020 akapita bila kupingwa baada ya mpinzani wake kuenguliwa kwa makosa ya fomu. Awamu ya kwanza, haki yake tumpe: msibani alifika kabla ya turubai, simu alipokea hata saa nne usiku. Baada ya ile ya bila kupingwa, simu ikawa inapokelewa na mpwa wake.

Huyo mpwa ndiye aliyenunua tipa.

Mwishoni mwa 2021 zikaja zile fedha za UVIKO za madarasa, milioni 20 kwa kila chumba, fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na fundi ni wa hapo hapo. Vyumba vilitakiwa viwe tayari watoto wakifungua Januari. Mimi nilikuwa kamati ya mapokezi. Kazi yetu kuhesabu kinachoingia na kusaini, basi.

Siku hiyo tipa limeingia, hati inasema trip ya tani saba. Nikapanda kwenye bodi. Katikati mchanga umesimama kama kichuguu, pembeni bodi iko wazi karibu robo. Nikakataa kusaini. Mtendaji wa kata akanivuta nyuma ya stoo: "Mzee wangu, saini tu. Muda umetubana, na mwenyekiti wa WDC unamjua ni nani." WDC ni kamati ya maendeleo ya kata; diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji ni katibu. Niliandika "pungufu" kwa peni nyekundu. Mkutano uliofuata wa kijiji nikaambiwa nimechoka, nipumzike, akawekwa kijana mmoja mtiifu kweli kweli.

Umeona ilivyo? Hakuna hundi hata moja yenye jina lake. Kuna tipa la mpwa, kuna kamati ya manunuzi iliyojua fika nani asikasirishwe, na kuna mwenye tipa mwingine aliyekuwa na bei pungufu kwa 20,000 kila trip lakini hakuitwa. Kwenye mikopo ya asilimia kumi, ile halmashauri inayowapa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu kutoka mapato yake ya ndani, ilikuwa vile vile: vikundi vya vijana vilivyopita kikao cha kata vilikuwa na sura za kampeni. Serikali iliposimamisha mikopo hiyo 2023 baada ya ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huku kwetu walionuna wanajulikana.

Kwa hiyo fremu za stendi ziache, atakwambia ni za shemeji yake na hati itasema hivyo hivyo. Nenda na mjumbe wa kamati ya shule, muombe daftari la kupokelea vifaa. Angalia mchanga, kokoto na tofali vilitoka kwa nani, kisha uliza huyo muuzaji ana undugu gani na diwani. Ukipata, rudi utuambie.