Kulungu wa Novemba: ukishafyatua, usishuke

Usifanye hivyo. Nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza mengi: bunduki ipi ununue, uvae nini kwenye baridi ya Michigan, nyama uihifadhi vipi, na kama hilo shamba ulilopewa karibu na Lansing linafaa. Sawa. Halafu mwishoni ukatupia kasentensi kana kwamba ni jambo dogo: eti kuna jamaa amekushauri ukishampiga kulungu umkimbilie papo hapo kabla hajapotelea msituni. Mkuu, hako kasentensi ndiko kamenikalisha hapa usiku huu, na nina zamu ya asubuhi.

Huyo jamaa yako ni Mbongo? Ana pikapu nyekundu, na kila akitaka kusema jambo anaanza na "mimi nchi hii naijua"? Usinitajie jina. Nauliza tu kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwa kujiamini kule kule, na yalinigharimu kitu ambacho mpaka leo sijakipata tena.

Ilikuwa tarehe 15 Novemba. Msimu wa bunduki Michigan unafunguliwa siku hiyo, iwe Jumapili iwe Jumatano, na unafungwa tarehe 30. Inaruhusiwa kupiga kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza, na wakati ule wa mwaka jua linatoka kama saa moja na nusu, kwa hiyo kufika saa moja na dakika chache milio ilishaanza pande zote. Mimi niko juu ya dungu, lile jukwaa dogo la chuma linalofungwa mtini, fulana ya rangi ya chungwa juu ya makoti yaliyorundikana, vidole vimekufa ganzi. Kwenye saa mbili akatokea dume upande wa mahindi yaliyokwisha kuvunwa, pua chini, anafuata harufu ya majike. Pembe zake usiniulize, nikizitaja watu humu watasema naongeza chumvi.

Kosa la kwanza, ambalo wala si lile kubwa: hakuwa amenipa ubavu. Alikuwa anakuja upande wangu kwa mshazari. Picha za kwenye kozi ya usalama wa uwindaji zinakuonyesha mnyama amesimama ubavu kabisa, na alama nyekundu imewekwa nyuma ya bega. Basi na mimi nikaweka alama ya darubini nyuma ya bega, kama nilivyofundishwa. Mnyama akiwa ubavu, hapo unapata mapafu. Akiwa anakuja mshazari, risasi ikiingia hapo inaelekea nyuma: inapita kwenye ini ukiwa na bahati, kisha inatoboa tumbo. Wa hivyo unamsubiri ageuke. Asipogeuka, unamwacha aende zake na wewe unakunywa chai yako ya chupa.

Nikafyatua. Hakuruka, hakurusha teke. Alikunja mgongo, akabana mkia, akaanza kutembea. Kutembea, jamani, kama abiria wa basi la mikoani aliyeshikwa na tumbo na dereva amegoma kusimama. Ukimwona kulungu amejikunja hivyo, tayari umeshapewa majibu: ni tumbo. Hakuna haja ya mtaalamu. Kuanzia hapo kazi yako ni moja tu, kukaa.

Mimi nikashuka. Kichwani nasikia "ukichelewa anakwenda". Sikutazama saa. Sikutia alama mahali alipokuwa amesimama. Bunduki niliiteremsha kwa kamba ikiwa bado ina risasi, na hilo nalo naomba usilifanye hata kama una haraka ya kwenda kuzima moto. Glavu moja ilibaki juu ya mti, nadhani ipo mpaka leo.

Na hakuwa amefika mbali! Hapo ndipo panaponiuma. Alikuwa amelala nyuma ya gogo, karibu kabisa, kichwa juu, ananiangalia. Kulungu aliyepigwa tumboni asipokurupushwa hatafuti safari. Anajisikia vibaya, anatafuta pa kulala, analala, na kwa kawaida anafia hapo hapo. Ningekaa juu ya mti mpaka jioni, au ningekwenda nyumbani nikarudi kesho yake, ningemkuta pale. Badala yake nilikwenda kumwamsha. Nikainua bunduki, kijiti kikanasa kwenye mkanda, naye akachomoka. Mbio zile mwanzo hakuwa nazo. Nilimpa mimi.

Damu? Matone machache, tena meusi meusi, halafu kwisha. Tundu la tumboni linazibwa na mafuta na utumbo, damu inabaki ndani. Unafuata majani makavu na matumaini. Nikafuata hivyo hivyo mpaka kwenye uzio wa jirani, na kwa akili zangu zile nikauruka. Sasa sikiliza vizuri: kulungu uliyemjeruhi akivuka mpaka, sheria ya hapa haikupi tiketi ya kumfuata. Shamba la mtu ni la mtu, unaomba ruhusa kwanza. Mimi sikuomba. Nikakatiza katikati ya kichaka chake na bunduki mkononi, asubuhi ya ufunguzi, nikapita chini kabisa ya dungu alilokuwa amekaa mzee mwenyewe na mjukuu wake. Mtoto wa watu amevaa kofia ya chungwa inayomfunika masikio, pengine ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mtini, na mnyama wa kwanza kumwona ni mimi.

Mzee hakunigombeza. Alitoa simu tu.

Jioni yake mama mwenye shamba nilikokuwa nawinda akanipigia. Huyu mama alikuwa amenipa eneo lote lile bure, malipo yangu ni kumsaidia kupanga marobota ya nyasi wakati wa kiangazi. Alizungumza kwa upole, nami nakwambia ni afadhali angetukana. Alisema yeye na jirani yake wameishi kwa amani miaka mingi, kwa hiyo nisirudi. Nisirudi basi. Yule dume alikuja kuonekana wiki iliyofuata kwenye kinamasi cha huyo huyo jirani, baada ya kunguru kuonyesha mahali. Nyama yote ile ikaliwa na kunguru na koyote, hawa wa huku wanaofanana na mbweha.

Tangu hapo, ukiondoa msimu mmoja, nawinda msitu wa umma. Unajua maana yake? Unaamka saa tisa usiku, unaendesha gari, unafika unakuta magari matatu yameshaegeshwa. Unatembea gizani, unakaa, kukipambazuka unagundua kuna mtu wa chungwa kulia kwako na mwingine mbele yako, na mlikuwa mnapumuana tu kwenye giza. Saa mbili anapita mtu anakohoa. Saa tatu mwingine amechoka, anarudi kwenye gari lake kwa kukata katikati ya eneo lako. Na kulungu si wajinga, siku mbili tatu za milio zikipita wanahamia usiku, mchana unabaki kuwatazama kindi. Ruhusa ya shamba la mtu ni mali, mkuu. Wewe umeipata, nami naona kabisa unavyojiandaa kuitupa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Mimi nimekulia Karatu. Ukishuka kutoka kwetu unakwenda Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, na kule hakuna mtoto asiyejua kwamba ukishampiga mnyama mshale wa sumu humkimbilii. Wanakaa kwanza, sumu ifanye kazi, ndipo wanafuata nyayo. Elimu hiyo niliipata bure. Halafu nikavuka bahari nikaenda kumsikiliza mtu wa Sinza, ambaye nilikuja kugundua hajawahi hata kukata leseni, na kulungu pekee aliyewahi kumuua alimgonga na hiyo pikapu.

Na hawa wa video nao wana dhambi yao. Anapiga, anakumbatiana na mwenzake, gitaa linalia, hao wamefika kwenye mnyama. Zile saa tano walizokaa wanakunywa kahawa kwenye gari zimekatwa, maana nani ataangalia mtu anakunywa kahawa saa tano? Wewe uliye Kentwood unadhani ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kwa hiyo: ukishafyatua, jaza risasi nyingine, tazama saa, na usishuke. Tazama mti wa mwisho alikopita, ukumbuke kwa alama, si kwa "pale pale". Sikiliza, mara nyingi unasikia anapoanguka. Hata kama umemwona kwa macho yako ameanguka, kaa nusu saa. Damu yako inachemka, miguu yako inatetemeka, hapo hufai hata kupewa wembe.

Baada ya hapo shuka polepole, bunduki ukiiteremsha iwe tupu kwanza, nenda mahali alipokuwa amesimama wakati unapiga, si alikokimbilia. Inama. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, mfuate, hayuko mbali. Damu nzito ya rangi ya zambarau iliyokolea ni ini, rudi ulikotoka, mpe saa nne mpaka sita. Ukiona majimaji ya kijani au ya kahawia, vipande vya majani au mahindi yaliyosagwa, na harufu unaijua kama umewahi kusimama karibu na machinjio, basi huyo ni wa tumbo. Ondoka kimya kimya kwa njia uliyokuja nayo. Saa nane kwa uchache, kumi na mbili ni bora. Ukimpiga jioni, unarudi asubuhi. Mimi mambo hayo ya kijani niliyaona mchana, nilipokuwa narudi kuchukua mfuko wangu. Yalikuwa pale pale chini, mtoto wa darasa la pili angeyaona.

Najua utasema: je, koyote wakimla usiku? Je, kukiwa na joto nyama ikaharibika? Je, theluji ikifunika damu? Yote yanawezekana. Joto likipanda juu ya nyuzi 10 hivi, kweli unakaa roho juu, na nyama ya tumboni inaweza kukupotea. Lakini ukimkurupusha nyama imekwenda tayari, huna hata cha kuhofia kuharibika. Na ukikwama kuna watu wenye mbwa wa kufuatilia wanyama waliojeruhiwa, mbwa akiwa kwenye kamba inaruhusiwa Michigan. Mbwa mzuri hahitaji damu nyingi. Anachohitaji ni kwamba wewe hujazunguka zunguka na mabuti yako ukaisambaza harufu kila mahali. Namba zao tafuta sasa hivi, maana wikiendi ya ufunguzi simu zao hazishikiki.

Bunduki, enhe. Ya risasi za kipimo cha .308 au .30-06, yoyote itaua kulungu, tatizo halikuwahi kuwa bunduki. Ila kabla hujanunua soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huu, kwa sababu kusini mwa jimbo kumekuwa na masharti yake ya aina ya bunduki na risasi, na Lansing iko huko. Pima darubini kwa risasi zile zile utakazowindia. Ukiwa umezaliwa mwaka 1960 au baada yake lazima uwe na cheti cha kozi ya usalama, na kwa jinsi ulivyoandika sidhani kama una miaka hiyo. Ukipata mnyama unaripoti mtandaoni ndani ya saa 72. Usimwage mahindi wala karoti kama chambo, kwenye rasi ya kusini, ile sehemu ya jimbo ilipo Lansing, ni marufuku tangu 2019, hata kama dukani wanaziuza kwa magunia zimepangwa mlangoni. Na kama bado uko kwa viza ya muda, huna kadi ya kijani, kushika bunduki kuna sheria yake ya serikali kuu. Muulize mwanasheria, usimuulize jamaa wa pikapu.

Lingine ulilouliza sikumbuki, nikirudi juu kusoma tena nitakasirika upya. Ila hili la shamba fanya wiki hii: muulize mwenye shamba nani anapakana naye kila upande, upate namba zao, uwapigie ujitambulishe na uombe ruhusa ya kufuata mnyama akivuka, kabla ya tarehe 15, si siku umesimama kwenye uzio unahema. Mimi nilipopata eneo jingine la kujaribu, msimu mmoja tu kabla halijauzwa, niliwapigia majirani wote. Wawili walikubali bila shida. Wa tatu alidhani namuuzia bima ya gari, akanikatia.