Mkiwa saba kwenye mgao: ikariri 142,857

Mtumbwi wa dagaa ukishauza kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mafuta yakatolewa na fungu la mwenye chombo likawekwa pembeni, kinachobaki ni cha wavuvi. Wakiwa watano au wanane, hesabu inakwenda. Wakiwa saba ndipo kelele zinaanza, kwa sababu saba haigawi kumi, mia, elfu wala milioni bila baki. Ikariri 142,857 na kelele zitapungua.

Hiyo ndiyo sehemu ya mtu mmoja katika shilingi milioni moja, baki 1. Milioni mbili kila mtu anapata 285,714, baki 2. Milioni tatu ni 428,571, baki 3. Zitazame: tarakimu ni zilezile sita, zinafuatana vilevile kwa mzunguko, kinachobadilika ni pa kuanzia tu. Ili kujua pa kuanzia, zipange toka ndogo: 1, 2, 4, 5, 7, 8. Pesa ni milioni nne? Ya nne ni 5, basi zungusha kuanzia hapo: 571,428, baki 4. Milioni sita inaanza na 8: 857,142.

Ukiisahau, itengeneze upya: 14, mara mbili 28, mara mbili 56, ongeza 1 upate 57.

Milioni isipokuwa kamili, hesabu kwa laki. Laki 15: saba inaingia mara 2, baki 1. Andika 2, kisha endelea na mzunguko unaoanza na 1 hadi zitimie tarakimu sita: 214,285. Zinabaki shilingi 5.

Kinachoharibu mgao ni kupandisha. 143,000 inapendeza kuitamka, lakini mara saba ni 1,001,000, na wa mwisho kwenye foleni ndiye anayekosa elfu yake. Hata 142,900 inapungua shilingi 300. Shusha: 142,800 kila mtu, inabaki 400, mtakubaliana wenyewe ni ya nani. Kalkuleta ya simu itakuandikia 142,857.14, hizo senti hakuna wa kuzilipa.

Mzunguko unatoka kwenye baki. Gawa 10 kwa 7 baki ni 3. 30 baki 2. 20 baki 6. 60 baki 4. 40 baki 5. 50 baki 1, na hapo umerudi ulikoanzia.

Namba hii inaijua hata kalenda, na kwangu hapa ndipo penye utamu wake. Zidisha kwa 365: 52,142,805. Kata tarakimu sita za kulia, ujumlishe na zilizobaki kushoto: 142,805 + 52 = 142,857. Hiyo 52 ni wiki za mwaka, na kurudi kwenye namba yenyewe maana yake imebaki siku 1. Kwa mwaka mrefu, 366, unapata 52,285,662. Jumlisha vilevile, inatoka 285,714, ya pili kwenye mzunguko, yaani siku 2. Ndiyo maana Januari 1 ya 2024 ilikuwa Jumatatu, na ya 2025 ikaangukia Jumatano.